Blanketi la Pili

Ufikapo mwezi wa Juni, kipupwe huingia katika nyanda za juu za Malawi ya kati. Upepo wa kusini-mashariki huvuma, mawingu huziba jua, na usiku wa Julai joto la mjini Lilongwe huweza kushuka chini ya digrii 10. Kwa mkulima, majira haya hayaji mikono mitupu: mahindi yamekwisha kuvunwa, karanga zimekauka, na ghala lina kitu. Akitetemeka, hutetemeka ameshiba. Lakini kwa asiye na shamba, baridi huja peke yake, bila mavuno.

Ndivyo ijavyo Dzaleka, katika Wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi. Kambi ilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika katika kila kichochoro.

Humo anaishi mama mmoja mzaliwa wa Kivu ya Kusini. Kwa miaka kadhaa aliuza sweta za mitumba, ambazo Wamalawi huziita kaunjika, katika kitongoji kimoja cha Lilongwe. Machi 2023 Serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warejee Dzaleka, na mwezi wa Mei polisi wakaanza kuisimamia amri hiyo. Mama huyo alirejea na watoto wake watatu, furushi la nguo na mablanketi mawili. Blanketi moja lilikuwa la watoto. La pili alilitenga auze, kwa kuwa fedha za msaada wa chakula hazikutosha kufika mwisho wa mwezi.

Usiku mmoja wa Julai alisikia kichanga kikilia nyumba ya pili. Jirani alikuwa mgeni, mjane aliyewasili majuma machache nyuma, na mtoto wake alikuwa amefungwa kitenge kimoja tu. Mama alikaa kitandani akahesabu, si alichopoteza, bali alichobakiwa nacho: watoto watatu wazima, ukuta wa matofali ya udongo usiopitisha upepo, na jirani mwingine aliyemkopesha kuni juzi bila kuuliza atalipwa lini. Akaondoka na lile blanketi la pili.

"Dada, mtoto asilale hivi usiku wa leo," alisema.

"Na wako je, mama?"

"Wangu ni watatu chini ya blanketi moja. Hupashana moto."

Juma lile unga uliisha mapema, na nyumba yake ilikula uji asubuhi na jioni. Hakuna aliyemlipa. Kutoa ni moyo, wahenga walisema, wala si utajiri. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba moyo huo nao hulipa gharama, na mara nyingi hulipa kwa tumbo.

Familia za askari hazihitaji kuelezwa sana habari hizi. Malawi, Tanzania na Afrika Kusini zilipeleka vijana wao mashariki ya Kongo katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013. Mke aliyekaa usiku akingoja habari za mumewe kutoka huko, na mjane aliyeikimbia nchi ile akiwa na kichanga mgongoni, wameumizwa na vita vile vile. Malawi yenyewe, ingawa si nchi tajiri, ilipata kuwahifadhi Wamsumbiji zaidi ya milioni moja kabla ya amani ya mwaka 1992. Ukarimu haukungoja neema.

Basi, ndugu msomaji, kipupwe kinapobisha hodi, shukrani na ianzie sandukuni. Toa sweta ambalo mtoto amelizidi kimo. Lifue, lishone vifungo, ndipo ulipeleke, kwa maana anayepewa kitu kichafu hupewa na aibu juu yake. Uji wa mahindi utiwe unga wa karanga, nao utamtia mtoto nguvu. Jiko la mkaa lisilazwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi wake usioonekana huua watu usingizini. Na kabla ya kufunga mlango usiku, sikiliza kwanza upande wa jirani. Moyo usio na shukrani hukausha mema yote. Wenye shukrani hujua ni nani asiyelala kwa baridi.