Karani na Kalamu

Watu mashuhuri waandikapo habari za maisha yao, aghalabu hutueleza mengi juu ya kipaji na machache juu ya kazi iliyowapa chakula. Twaambiwa jinsi shairi lilivyozaliwa, wala hatuambiwi mshairi alilipa kodi ya nyumba kwa fedha gani. Mimi, ambaye kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwafundisha wengine maandiko ya waandishi wetu, napendezwa zaidi na upande huu wa pili. Hutaka kujua mwandishi aliamka saa ngapi, alitumikia nani, na jioni alirudi nyumbani na nguvu kiasi gani.

Shaaban Robert yu karibu nasi kwa mfano. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962. Aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926, kijana wa miaka 17, akadumu humo hata mwaka 1944. Alihamia idara nyingine kwa muda mfupi, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwisho ofisi ya kupima ardhi, hata akastaafu. Jumla yake ni zaidi ya miaka 30 ya ukarani. Vitabu vyake vingi viliandikwa na mtu ambaye asubuhi yake ilikuwa mali ya serikali.

Katika Maisha Yangu habari za utoto ni haba. Zilizojaa ni za utumishi, za ndoa, za kifo cha mkewe Amina, na za malezi ya watoto. Na humo aliweka tenzi mbili, moja ya kumwusia binti na moja ya kumwusia mwana. Wanafunzi wangu huuona uhaba ule kuwa upungufu wa kitabu. Mimi nauona kuwa ni hukumu ya mwandishi mwenyewe juu ya kile kinachostahili kuitwa maisha: kazi, mapenzi, msiba na wajibu. Mengine aliyaacha yapite.

Lakini faida ya ofisi haikuwa mshahara tu. Tazama Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, alipokuwa karani wa wilaya. Nchi yenyewe imetundikwa hewani, na kwa sababu hiyo wengi huisoma kama ndoto. Kilichomo ndani, hata hivyo, ni baraza, mshtaki, mshtakiwa na mashahidi. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, naye hujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mbinguni na ardhini wakiwa miongoni mwa pande hizo, wakarudi na habari za manufaa, wakatiwa kifungoni. Nani ajuaye vizuri zaidi ya karani jinsi shauri jema linavyoweza kupokewa, kuandikishwa, kufungwa kwa kamba na kuwekwa kabatini lisionekane tena? Mtu asiyepata kushika majalada ya watawala angeweza kubuni nchi iliyo angani. Sidhani kama angeweza kubuni baraza lile.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja ni shahidi wa pili. Kabla ya kuingia uhariri wa magazeti alikuwa mkaguzi wa afya kwa muda wa miaka kumi hivi. Kazi ya namna hiyo humpeleka mtu katika nyua na majiko ya watu, atazame kilichofichwa na anuse kilichofunikwa. Mwaka 1960 ulipochapishwa Mzimu wa Watu wa Kale, Bwana Msa alitokea na kiko chake, akitazama vitu vidogo ambavyo wenziwe wamevipita. Siwezi kuthibitisha kwamba jicho la Bwana Msa lilinolewa katika ukaguzi, lakini nikisoma kitabu kile huona vigumu kuamini kinyume chake.

Sasa naja kwenye jambo linalonitatiza. Shaaban Robert yule yule alituachia Utubora Mkulima, kilichochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kifo chake. Utubora huiacha kazi yenye mshahara mzuri akashika jembe, akapata utulivu. Karani aliyekaa mezani zaidi ya miaka 30 alimpa shujaa wake ruhusa asiyojipa mwenyewe. Baadhi ya wahakiki huiita hiyo falsafa ya utu na ya ardhi. Nami nakubali, ila nasikia pia ndani yake uchovu wa mtu mwenye watoto wa kulisha. Kitabu hakituambii nani angelisha nyumba ya Vibambani kama karani naye angetupa kalamu ya serikali.

Swali hili si la maktaba tu. Mwaka uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima, karani wa mapokezi katika hospitali, alinijia na sura tatu za riwaya. Zilikuwa nzuri kweli. Akaniuliza, "Mwalimu, niache kazi?" Ana mama mgonjwa na wadogo wawili shuleni. Nilijua ya kuwa neno langu lingeweza kumtoa mtu kazini, na mimi mwenyewe nisingekosa mlo hata mmoja kwa sababu yake. Nikamwambia, "Ndugu yangu, sura yako ya pili, ile ya foleni ya usiku, ungeiandikaje kama usingekaa dirishani pale?" Akasema hiyo ndiyo sababu ya kutaka kutoka: dirisha limempa yote liliyokuwa nayo, na sasa linamla.

Sikuwa na jibu la kuizidi kauli ile. Nilimwazima barua za Shaaban Robert kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, za tangu mwaka 1931 hata 1958, ambamo habari za jamaa, za kazi na za vitabu zimekaa pamoja bila kutengana. Alizisoma kwa wiki mbili. Aliporudisha kitabu alikuwa bado kazini, ameomba zamu ya asubuhi tu, na msimamizi wake alikuwa hajajibu.