Mdhamini Kalipa, Mwanafunzi Anyamaze? Kisa cha Dada wa Iramba na Sentensi Moja

Kuna zawadi ukiipokea huulizwi kitu, ila wewe mwenyewe unaanza kujipunguzia maneno. Ndicho kilichomkuta dada mmoja wa Iramba, mkoani Singida, akiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kilimo kwenye chuo kikuu kimoja hapa Bongo. Jina lake na la chuo yanabaki kapuni.

Dada mwenyewe siyo mtoto wa kishua. Bumu lilitoka Bodi ya Mikopo, mengine yote yalitoka kwenye alizeti ya baba yake. Wale mnaopita barabara ya Singida kwenda Nzega mnayajua yale madumu ya mafuta yanayopangwa kando ya lami. Basi ndiyo ada yenyewe hiyo.

Chuoni ikaja kampuni moja ya mbegu. Ikaleta fulana, kofia, vifaa vya maabara, na ikaahidi kugharamia utafiti wa wanafunzi wachache. Dada akapata nafasi. Shangwe, WhatsApp ikajaa picha. Kimyakimya, somo la mbegu nalo likaanza kubadilika. Slaidi zikawa na nembo ya kampuni kwenye kona, mgeni wa kufundisha akawa ofisa wao wa mauzo, na mbegu bora ikawa moja tu: chotara. Mbegu ambayo mkulima anaichagua kwenye mavuno yake na kuipanda tena ilitajwa dakika mbili, tena kama ugonjwa.

Shida ikaja kwamba utafiti aliufanyia kwao. Chotara inazaa na ina mafuta mengi, hilo halina ubishi. Ila lazima uinunue upya kila msimu, maana ukipanda ulichovuna hakitoki kama cha kwanza, na kilo moja imekuwa ikiuzwa zaidi ya shilingi 30,000. Record, ile mbegu ya zamani ambayo siyo chotara, mkulima anaweza kuitunza mwenyewe. Msimu ule mvua ilikata mapema. Dada akapiga hesabu za wakulima wake: wa chotara walivuna zaidi kidogo, lakini ukitoa hela ya mbegu, wa Record ndio waliobaki na kitu mfukoni. Akaandika sentensi moja tu kusema hivyo.

Msimamizi wake akaisoma, akavua miwani. "Binti, hesabu zako ziko sawa. Ila hiyo sentensi ilegeze kidogo. Hawa ndio wametuletea vifaa, na mwakani kuna wenzako wanasubiri."

Hakuna mtu wa kampuni aliyempigia simu. Hakuna aliyemtisha. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu huna hata wa kumlaumu. Na msimamizi naye msimtupie mawe haraka. Anafundisha darasa limejaa hadi mlangoni, na bila mdhamini maabara ni meza na vumbi.

Wala siyo habari ya jana. Profesa Mahmood Mamdani aliandika kitabu kizima, kikatoka 2007, kuhusu namna Makerere kule Uganda ilivyogeuka soko, idara zikakimbilia kozi zinazoingiza pesa. Na jirani kabisa na Singida, pale Makutupora, Dodoma, jaribio la mahindi ya GMO lilianza 2016 chini ya mradi uliofadhiliwa na Bill Gates, Howard Buffett na Wamarekani wa USAID, teknolojia ikitoka Monsanto. Watetezi wakasema mkulima mdogo hatatozwa kwa teknolojia hiyo. Wapinzani wakauliza nani ataishika mbegu kesho. Novemba 2018 Serikali ikasimamisha majaribio na kuagiza mabaki yateketezwe. Uwe upande wowote, swali ni lilelile: anayelipia utafiti anachagua pia kitakachoulizwa?

Dada alimpigia baba yake. Mzee akasikiliza, halafu akauliza, "Kwani mama, walikulipa usome au usifu?"

Sentensi haikufutwa. Badala yake akaongeza nyingine ukurasa wa mbele: utafiti huu umegharamiwa na kampuni inayouza moja ya mbegu zilizolinganishwa. Msimamizi akakaa na kazi ile wiki 2 bila neno, kisha akasaini. Dada akafaulu. Ile ajira ya muda aliyokuwa ameahidiwa na kampuni akapewa mwingine, na sababu hakuambiwa. Leo yuko Iramba na kikundi cha wakulima wanaozalisha mbegu za kuazimiwa ubora. Hela siyo ya kutambia Instagram, lakini usingizi anaupata.

Hakuna anayesema wadhamini wafukuzwe, vyuo vina njaa kweli. Ila mkataba ubandikwe ukutani kila mtu ausome, pesa ziingie mfuko wa chuo badala ya somo la mtu, na mwalimu apange mwenyewe cha kufundisha. Hilo halihitaji mfadhili.

Sasa vuta picha: unadaiwa ada, baba yuko shambani, ajira ile pale mbele yako, na kinachokuzuia ni sentensi moja. Ungefuta?