Viatu vya siku moja

Wamama wapenzi, juma hili nataka tuzungumze juu ya viatu vya wanaume. Najua wengine mtacheka: viatu vya wanaume vinatuhusu nini? Lakini angalieni nyumbani kwenu. Ni nani anayeweka franka pembeni kidogo kidogo? Ni nani anayeenda sokoni kutafuta viatu vya komunyo, vya defanse, vya ndoa, vya kilio? Mara nyingi ni sisi. Mimi nilikosea kununua, na kosa langu alilibeba mtoto wangu mbele ya watu. Ndiyo maana naandika.

Kifungua mimba wangu alimaliza inivesite hapa Bukavu miaka mitatu iliyopita. Defanse yake iliwekwa mwezi wa kumi, mvua ikiwa imekwisha kuanza. Zamu yangu ya likelemba ilikuwa imefika, nikapokea dola 150. Nilishukuru Mungu, nikaketi na kugawanya. Kuchapisha memwari na kuifunga vizuri: dola 45. Chakula na vinywaji vya wageni: dola 70. Kostimi tuliazima kwa mjomba wake, nikatoa dola 5 ya kuifua na kuipiga pasi. Kravati na usafiri: dola 10. Viatu viliachwa mwisho, na kwa viatu nilibaki na dola 20.

Nilipanda naye soko la Kadutu. Muuzaji mmoja kijana alitutolea viatu vyeusi vyenye pua ndefu, vinang'aa mpaka unaweza kujitazama ndani yake. Alisema dola 25, tukabishana, akaviacha kwa 18. Mtoto alivivaa, akatembea hatua mbili, akasema polepole: "Mama, vinabana huku mbele." Nikamjibu: "Vitajinyoosha, baba. Angalia vinavyong'aa." Hakusema tena. Sisi wamama tunajua mtoto anapotunyamazia kwa heshima, lakini siku ile sikutaka kujua. Nilikuwa nawaza vile watu watamtazama.

Siku ya defanse mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mnajua milima yetu. Wenye moto walikataa kupanda mpaka kwetu, tukashuka kwa miguu katika matope hadi barabara kubwa. Tulipofika mlangoni pa sale, soli ya kiatu cha kuume ilikuwa imefunguka mbele kama mdomo. Mtoto aliibana kwa vidole vya mguu, akaingia hivyo.

Wakati akiwa nyuma ya meza hakuna aliyeona. Kisha mwalimu mmoja wa juri akamwomba asogee ubaoni kueleza mchoro wake. Alitembea. Pa, pa, pa. Sale yote ilisikia. Watu wa nyuma walicheka, na mtoto wangu, aliyekuwa ameijua kazi yake kichwani kwa miezi mingi, alisimama mbele ya ubao bila neno. Labda ilikuwa nusu dakika tu. Kwangu ilikuwa ndefu kuliko usiku wa kumzaa. Halafu akavuta pumzi, akaendelea.

Alifaulu. Tulimmwagia poda kichwani kama desturi yetu, tukaimba, tukapiga picha. Katika picha zote amesimama nyuma ya wadogo zake ili miguu isionekane. Nyumbani alivua viatu, vidole vimechubuka na damu imeshika soksi. Akaniambia: "Mama, ungeniacha nivae vile vyangu vya zamani." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kesho yake nilivipeleka kwa mzee kordonye wa kartie yetu, anayekaa chini ya mwavuli karibu na kituo cha moto. Nilitaka avibandike. Alivigeuza, akavinusa, akachukua kisu chake. "Mama, niruhusu nipasue kimoja, nikuonyeshe ulichonunua." Alipasua. Ndani ya soli kulikuwa na karatasi ngumu, ile ya makarto, imelowa na kuwa kama uji. Juu hapakuwa na ngozi; ilikuwa kitambaa kilichopakwa plastiki. Na ule mshono mzuri uliozunguka soli haukuwa mshono: ulichorwa tu katika plastiki, bila uzi hata mmoja. Vyote vilishikwa na kola peke yake, na kola mbaya haipendi maji.

"Hivi ni viatu vya kupigia picha," alisema mzee. "Havikutengenezwa kwa kutembea."

Nilibaki pale karibu saa nzima akinifundisha. Nawapa alichonipa mimi, ili msilipe masomo haya kwa bei niliyolipa.

Kwanza, usianze kwa macho, anza kwa pua na vidole. Ngozi ina harufu yake. Plastiki inanuka plastiki au kola. Bonyeza kwa kidole gumba: ngozi inafanya mikunjo midogo midogo kama ngozi ya mkono wako, ukiachia inarudi. Kisha tazama ukingo uliokatwa, au chini ya ulimi wa kiatu, pale ambapo hawakupaka rangi. Ngozi inaonyesha nyuzi nyuzi; ile ya uongo inaonyesha kitambaa.

Pili, kunja kiatu. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vya mguu vinapokunjikia. Kikikunjika katikati kama daftari, kiache. Bonyeza sehemu ya nyuma inayoshika kisigino: iwe ngumu, isilale.

Tatu, tafuta uzi. Kiatu kilichoshonwa soli kinaweza kufunguliwa na kordonye, akabadilisha soli na kushona upya, mara mbili, mara tatu. Kwa hiyo angalia mshono kwa karibu, pitisha ukucha, geuza kiatu uone kama uzi unatokea upande wa chini. Kiatu cha kola tupu si lazima kiwe kibaya, lakini vuta kidogo kati ya soli na ngozi. Ukiona nafasi kikiwa bado sokoni, ujue kwenye mvua kitakuwa mdomo.

Nne, nunueni mchana umeendelea, kwa sababu mguu unavimba kidogo kwa kutembea. Mwenye miguu awepo, avae soksi atakazovaa siku ile, avae viatu vyote viwili, kwa maana mara nyingi mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Vidole vipate nafasi mbele, kisigino kisipande anapotembea. Ngozi nzuri inaweza kupanuka kidogo kwa upana. Kwa urefu hairefuki. Na mtoto akisema kinabana, kinabana.

Tano, kama uwezo ni wa jozi moja tu, chagueni nyeusi, ya kufunga kwa kamba, pua ya kawaida isiyo ndefu wala ya mraba. Hiyo inaingia kanisani, kwenye ndoa, kwenye kilio, mbele ya mkubwa wa kazi. Pua zinazofuata modi zinazeeka kabla ya ngozi kuzeeka.

Nikisikiliza mzee yule nilimkumbuka baba yangu. Alikuwa karani wakati wa Mobutu, wakati kostimi na kravati vilikatazwa na wanaume wakubwa walivaa abakosti. Baba alikuwa na abakosti mbili na jozi moja tu ya viatu vya heshima. Kila jumamosi jioni alitandika gazeti la zamani, akatoa kamba, akafuta vumbi, akapaka siraji, akasugua kwa kitambaa mpaka mama akamwambia chakula kinapoa. Mwaka 1990 watu waliporuhusiwa kravati tena, baba alibadilisha nguo, viatu vikabaki vile vile. Alipofariki, kaka yangu alivirithi. Sisi watoto tulidhani baba alikuwa na viatu vingi, kumbe ni jozi ile ile, iliyobadilishwa soli.

Wengine mtasema ninataka tuwe kama wasapeli. Hapana. Sote tunajua hadithi zao, tunamkumbuka marehemu Papa Wemba aliyeivalisha rumba yetu, na tunajua wanavyovipenda viatu vya J.M. Weston vinavyotengenezwa Limoges, Ufaransa, ambavyo bei yake inaweza kulipa minervali ya watoto wengi. Anayelaza watoto njaa ili miguu yake isifiwe, huyo simfuati. Lakini msapeli halisi ana jambo moja ambalo mimi sikuwa nalo siku ile Kadutu: hadanganywi na mng'ao. Anageuza kiatu, anatazama soli, anauliza kimeshonwa namna gani. Sisi tunaonunua kwa dola chache tuna haja ya macho hayo kuliko yeye, maana sisi hatuna za kununua mara ya pili.

Mwaka uliofuata mtoto alipata mchumba, tukaitwa kupeleka mahari. Safari hii nilianza miezi minne mbele, nikiweka franka kila wiki katika kopo. Hatukwenda kwa viatu vinavyong'aa. Tulikwenda kwenye mitumba, pale balo zinapofunguliwa, tukiwa na mzee kordonye mwenyewe, niliyemlipia soda na moto. Tulipekua siku mbili. Mzee alikataa jozi nyingi: hii imepasuka pale inapokunjika, hii soli imekauka, hii imeliwa kisigino upande mmoja, itamvuta mguu. Mwisho tulipata nyeusi, namba 42, ngozi ndani na nje, imeshonwa. Ilikuwa imefifia, hata msichana wangu alikunja uso. Dola 27. Mzee aliibandika mpira mwembamba chini ya soli kwa sababu ya mawe na matope yetu, akabadilisha kisigino, dola 7. Jumla dola 34. Kisha akaipaka siraji, akasugua, na msichana aliyekunja uso akauliza kama ni ile ile.

Siku ya mahari mvua ilinyesha tena, kama iliyotumwa. Mtoto wangu alipanda ngazi za wakwe zake, akasalimu wazee mmoja mmoja, akasimama kujibu maulizo. Mimi nilikuwa natazama chini tu, natega sikio. Sikusikia kitu.

Viatu hivyo vina zaidi ya miaka miwili sasa. Vimeingia katika ndoa yake, katika ubatizo wa mtoto wake, katika vilio viwili, na mbele ya mkubwa aliyempa kazi. Hesabu ni rahisi: dola 18 zilitembea asubuhi moja, dola 34 bado zinatembea.

Neno dogo juu ya kuvitunza, maana kiatu kizuri kinaweza kuuawa nyumbani. Kikilowa, toa kamba, jaza karatasi za gazeti ndani, ukiweke kivulini penye hewa, na ubadilishe karatasi zikilowa. Usikiweke karibu na babula. Moto unakausha ngozi mpaka inapasuka. Kikishakauka ndipo upake siraji, kidogo tu. Usikivae siku mbili mfululizo kama una kingine, kwa sababu jasho la ndani linataka muda wa kukauka. Na peleka kisigino kwa kordonye mapema, kabla hakijaliwa mpaka kufikia kiatu chenyewe.

Sasa nina ombi, wamama. Kila mwaka, wakati wa defanse, tunawaona vijana wetu katika viatu kama vile nilivyonunua. Kila mama anatafuta peke yake, kwa haraka, na pesa iliyobaki baada ya wageni kula. Mimi ile dola 70 ya chakula naijutia mpaka leo. Wageni walishiba jioni ile, na mtoto wangu alikuwa amesimama mbele ya juri katika karatasi.

Kwa nini kikundi chetu kisiwe na sanduku? Viatu vizuri vitano au sita, namba 40 mpaka 44, vya kuazimisha vijana wetu kwa siku yao, na kuvirudisha vimepakwa siraji. Anayevichafua anavisafisha, anayevipasua analipa kordonye. Nyumbani mwetu, chini ya vitanda, viko viatu vya marehemu na vya wajomba ambavyo hakuna anayevivaa, na panya tu ndio wanaovifaidi. Vileteni jumamosi kwenye mkutano. Mzee kordonye amekubali kuja kuvitazama, na amenionya kwamba atavipasua vya uongo mbele yetu sote.

Mimi nitaleta jozi moja, namba 43, iliyokuwa ya baba. Kaka yangu ameitoa kwa moyo. Anasema ina soli ya nne.