Kuongeza Si Kubadilisha

Jioni moja, nikikaribia Ngarambe, nilikanyaga breki na pedeli ikazama hadi karibu na sakafu. Keshoye alfajiri nilipaswa kumpeleka shangazi hospitali ya wilaya, Utete.

Mpwa wangu, fundi wa pikipiki kijijini, aliniuliza: "Mjomba, mafuta ya breki ulibadilisha lini?" Nikajibu kwamba huongeza kila yanapopungua. "Sikuuliza kuongeza," akasema.

Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Kwa kiwango cha DOT 3, mafuta mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kikomo hicho hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubinyika kama upepo: mguu unakanyaga, gurudumu halishikwi. Mpwa wangu akacheka. "Hapa ni kwa Kinjekitile, mjomba. Tunajua gharama ya kuyaamini maji." Alikusudia Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907.

Tulikagua mabomba na mipira, hapakuvuja. Niliacha tu mafuta yashuke mno, upepo ukaingia. Tukaanza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda. Yeye alishika spana chini, mpira mwembamba ukielekea kwenye chupa. Mimi nilikaa kwenye usukani.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

Akafungua nipo, mguu wangu ukazama, akafunga. "Achia." Ningeachia kabla hajafunga, upepo ungerudi ndani. Yakatoka mafuta meusi kama chai ya rangi, yenye mapovu. Tukaendelea, tukijaza mapya juu, hadi yakatoka safi. Kisha magurudumu mengine matatu.

Usiku ule niliona aibu, na si kwa sababu ya gari pekee. Katika kamati ninazoketi, nimeunga mkono mwongozo mpya juu ya mwongozo wa zamani, bila kuuliza ule wa zamani umeharibikia wapi. Tuliita mageuzi, kumbe tulikuwa tukiongeza. Isitoshe, aliyekanyaga hawezi kuona kinachotoka chini. Anamhitaji mtu wa chini, na ni lazima amsikilize anaposema bado.

Alfajiri pedeli ilikuwa ngumu, ikishika juu. Tuliijaribu mara kadhaa uwanjani kwa mwendo mdogo, ndipo tukampakia shangazi. Alisinzia njia nzima hadi Utete.