Wati 75

Blender ni programu ya bure, na hiyo ndiyo sababu mdogo wangu aliichagua. Alimaliza kidato cha nne, karo ya chuo ikakosekana, akaanza kujifunza animesheni kwenye kompyuta ya sebuleni, Dell OptiPlex 7010 ambayo Mama aliinunua kwa pesa za chama. Ni zile mashine zilizostaafu ofisini zikaja kuuzwa mtumba Luthuli Avenue. Modeli yenyewe ni ya 2012. CV inaandika, fomu za eCitizen inajaza. Lakini toleo la 4.0 la Blender, lililotoka Novemba 2023, linadai OpenGL 4.3, na kwenye Windows grafiki ya ndani ya prosesa yetu inaishia 4.0. Ukibonyeza, unakataliwa. Kijana akabaki na toleo la zamani, huku masomo anayofuata YouTube yakifanywa kwenye jipya.

Kila aliyeulizwa alisema tununue kompyuta mpya. Ni rahisi kusema hivyo kama si wewe unayelipa. Nilikuwa na elfu kumi na tano nilizoziweka kando ili nihame, nipate hata bedsitter, niache kulala kwenye kochi. Mama alijua hesabu hiyo. Aliposikia habari ya kadi ya grafiki, aliuliza kitu kimoja tu: "Ni ya gemu?"

Sikumjibu vizuri, kwa sababu ndiyo, watu wengi hununua kwa ajili ya gemu.

Shida ya mashine hizi si umri peke yake, ni stima. Pawa saplai ya 7010 yetu, ile ya umbo la mnara, ni ya wati 275, na haina ule waya wa ziada unaochomekwa kwenye kadi kubwa. Sloti ya PCIe nayo inatoa wati 75, basi. Kwa hiyo kadi yoyote tutakayonunua lazima iishi na hizo 75. NVIDIA GTX 1050 Ti ya 2016 inaishi nazo, ingawa kuna watengenezaji walioiongezea tundu la waya, na hizo unaziruka. Halafu kuna skrini. Yetu ni ya VGA tu, na kadi za kizazi hicho hazitoi VGA. Unahitaji adapta ya kutoka HDMI. Ni kitu kidogo, lakini bila hicho unafika nyumbani kutazama giza.

Fundi alikuwa nayo, iliyotumika, elfu kumi na mbili. "Sista, hii haijaguswa kabisa."

"Basi haitaogopa kuguswa leo. Iweke kwenye mashine yako, niione ikifanya kazi nusu saa."

Alicheka, lakini aliiweka. Ukinunua kadi ya mtumba, fanya hivyo bila aibu. Nyingine zilichimba sarafu za kidijitali usiku na mchana kabla hazijatufikia, na vumbi la feni hupanguswa kwa dakika moja. Sikiliza feni, gusa joto, kisha utoe M-Pesa.

Kuifunga nyumbani kulichukua muda mfupi kuliko kusafisha ndani ya kasha: chomoa stima, gusa chuma, sukuma kadi mpaka isikike tak, hamisha waya wa skrini. Blender mpya ikafunguka. Mdogo wangu hakusema kitu, alivuta tu kiti karibu.

Hesabu yake ni hii. Sekunde 10 za animesheni, kwa fremu 24 kila sekunde, ni fremu 240. Prosesa ilikuwa ikichukua dakika 11 kwa fremu moja, yaani saa 44 bila stima kupotea, na mtaani kwetu saa 44 za stima mfululizo ni hadithi. Kadi inachukua dakika 4. Saa 16. Anaanza jioni, kesho mchana imekamilika.

Kazi ya kwanza ilikuwa tangazo la mama anayeuza keki hapo stejini, elfu tatu. Tokeni zimepanda kidogo, na tumekubaliana zitoke kwake. Mimi bado niko kwenye kochi, mita mbili kutoka kwa hiyo feni, na usiku inavuma kweli. Juu ya swichi ya ukutani Mama amebandika karatasi: USIZIME, MTOTO ANAFANYA KAZI.