Taa Inaposinzia

Upepo wa Singida ulikuwa unagonga bati. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda cha mama, nyumbani Utemini, nikisoma kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la vidonge vyake vya mafua. Kilikuwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na neno moja lilifanana kote kuwili: somnolence, hali ya kusinzia. Chanzo chake ni Kilatini: somnus, yaani usingizi, likafuatwa na -olentus, kujaa. Mlevi wa mvinyo Warumi walimwita vinolentus, aliyejaa mvinyo. Anayesinzia ni somnolentus, aliyejaa usingizi, kama mtungi.

Sisi hatujai usingizi. Usingizi hutujia, hutupitia, hutuchukua. Tukikesha na mgonjwa tunasema hatukupata hata lepe. Na kitenzi chetu kina jambo ambalo Kilatini hakikuniambia: mtu husinzia, na taa nayo husinzia, mafuta yakipungua na mwanga ukafifia. Hilo nililiona kabla sijalijua. Koroboi ikisinzia mezani, mama akisinzia kando yake, ungo wa mchele mapajani, vidole bado vinachambua.

Nikiwa sekondari nilirudi likizo na habari tele. Nilipoanza tu kusimulia, kichwa cha mama kiliangukia kifuani. Niliumia sana. Nikahesabu kuwa ni kutojali, nikaacha kumwambia mambo yangu, na ukimya ule ulidumu miaka. Mwanamke huyo aliamka saa kumi alfajiri kila siku kukaanga maandazi ya kuuza, ili ada yangu ipatikane.

Usingizi wa mchana husomwa vibaya kwa urahisi. Fikiria malale, ugonjwa uliopewa jina kutokana na kulala. Vimelea vinavyoenezwa na mbung'o vikifika kwenye ubongo huvuruga saa za mwili: mgonjwa anasinzia mchana, usiku amekodoa macho. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 Uganda. Ni wangapi kati yao walioitwa wavivu kwanza, siku za mwanzo, na watu wa nyumbani kwao?

Mama alimeza kidonge. Nikaanza kumsimulia habari niliyoikatiza nikiwa kidato cha pili, ya mwalimu aliyeniazima kitabu. Akafumba macho.

"Endelea, mwanangu, nasikia."

Nikapunguza sauti, nikaendelea mpaka mwisho.