Utamu usio wa sukari

Mwaka jana, katika zoezi la tafsiri, nilipewa ukurasa wa Kifaransa kuhusu kombu, mwani ambao Wajapani hupikia mchuzi. Mimi ni mtoto wa Bukavu: nimekulia kando ya ziwa, na bahari sijaiona. Neno “mwani” lenyewe nilikuwa nalijua kwa kamusi tu.

Mapishi hayakunishinda. Kipande kikavu cha kombu hulowekwa, maji hupashwa moto polepole, na mwani hutolewa kabla hayajachemka. Kisha hutiwa vipande vyembamba vya samaki mkavu. Kilichonishinda ni neno umami. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda aligundua kwamba ladha ya mwani huo inatokana na glutamati, akaiita umami, kutokana na neno umai, lenye maana ya “-tamu”. Basi nikaandika “utamu”. Mwalimu akalikata kwa kalamu nyekundu: utamu ni wa sukari.

Wakati wa likizo nilimkuta mama akitia sambaza zilizokaushwa ndani ya sombe. Nikamwuliza sombe ikoje.

“Iko na butamu,” akajibu. Sukari hakuwa ametia hata chembe.

Nilimpelekea mwalimu jibu hilo. Alicheka, akanirudishia alama zangu. Mimi nilibaki na aibu: tangu mwaka wa kwanza nilikuwa nikikificha Kiswahili cha nyumbani, kumbe ndicho kilichokuwa na neno nililolitafuta.